Heshima Haitoshi: Juu ya Wazee Wetu na Haki Zao

Katika vijitabu vyetu vya desturi, neno linalorudi mara nyingi ni hili: heshima kwa wazee. Mimi mwenyewe nimeliandika, nimelisema pia mbele ya watu wakapiga makofi. Tunasema Wazungu wanawaweka wazazi wao katika nyumba za wazee, lakini sisi tunakaa nao, tunakula nao, tunawasikiliza. Tunasema penye wazee haliharibiki neno. Tunapenda pia kumutaja Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyesema ku UNESCO mwaka 1960 kwamba muzee wa Afrika akikufa ni sawa na maktaba imeungua.

Sasa inchi za dunia zimeanza kazi ya kuandika mapatano juu ya haki za wazee. Na hapa kwetu watu waliosoma wanacheka. «Haki za wazee? Ile ni mambo ya Wazungu. Sisi tuko na desturi.» Neno hilo nimelisikia katika mikutano yetu, nimelisikia kwenye kilio, nimelisikia hata mu kinywa cha walimu wenzangu. Naandika kwa kulipinga. Kwa maana huku kwetu wako wazee walioungua, na si kwa mufano.

1. Mama mukubwa

Nianze na ukoo wangu, kusudi mutu asiseme ninanyooshea wengine kidole.

Mama yangu alikuwa na dada mukubwa. Alifiwa na bwana yake angali na nguvu, na watoto wake wa kiume walikufa mbele yake. Akabaki kwenye shamba la bwana. Alilima, aliuzisha ndizi na makala kando ya barabara, akalea wajukuu wa mashemeji zake kama wake mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu, maana zaidi ya miaka 40 alipika kwa kuni katika nyumba isiyo na dirisha.

Mwaka mumoja, mutoto mudogo mu ukoo akashikwa na homa. Hawakumupeleka hopitali mapema, akakufa siku ya tatu. Katika chumba kimoja cha maombi nabii akasema: «Ule mwenye kumukula mutoto iko ndani ya nyumba.» Hakutaja jina. Hakukuwa na haja ya kulitaja.

Ukoo ukakutana. Wakaniita na mimi, kwa sababu ndiye niliyesoma. Nilikuta wanaume wamekaa kwenye viti na mama mukubwa amekaa kwenye jamvi karibu na mulango. Shemeji yake akasema: «Sisi hatumufukuzi. Tunasema tu aende kupumuzika kwa ndugu zake.» Wote wakaniangalia. Mama mukubwa naye akaniangalia, akasema: «Mwanangu, wewe unajua kusoma. Uwaambie.»

Nikasema maneno ya kutuliza watu: tukae kwa amani, tuombe, siku zitakuja tutaonana tena. Sikusema neno moja lililopashwa kusemwa: huyu mama hana kosa. Niliogopa. Niliwaogopa wale wanaume, na tena, kusema kweli, niliogopa kwamba nikimutetea nitaambiwa nimuchukue kwangu.

Akaenda. Baada ya miezi saba alikufa katika nyumba ya kuazimwa. Mvua ya kwanza ilikuta shamba lake limekwisha kugawanywa. Lakini mungeona kilio! Tulinunua sanduku la bei kali, tukachinja mbuzi, tukakodisha viti na mahema, wanawake wote wakavaa kikwembe kimoja. Mimi nikapewa nafasi ya kusema. Na mbele ya lile sanduku nilisema juu ya heshima kwa wazee.

2. Nani anaitwa muzee?

Tangu siku ile nimeangalia vizuri namna tunavyotumia maneno. Mwanaume mwenye shamba, mwenye ngombe, mwenye mutoto anayetuma feza kutoka Kinshasa ao Ulaya, akifikisha miaka 70 anaitwa «muzee». Akiota ndoto, ni hekima. Akikasirika, tunatetemeka. Mujane asiye na kitu, wa umri uleule na mwenye mvi zilezile, akiota ndoto ni mulozi. Akikasirika, ni mulozi. Akinyamaza, ndiyo mulozi kabisa.

Basi heshima yetu haikwendi kwa uzee. Inakwenda kwa mali, kwa nguvu, kwa wingi wa watoto. Mutu akipoteza hivyo, heshima inaondoka navyo.

Na mambo ya udongo yako karibu kila mara. Katika milima ya Bushi, mwanaume alipata shamba kwa kalinzi: alimutolea mwami ao mwakilishi wake ngombe, akapata udongo wa kulima na kuwaachia watoto wake wa kiume. Mujane alibaki pale akiwa chini ya jina la bwana na la wana wake. Pahali ambapo hana mwana, na pahali ambapo watu wamekuwa wengi na mashamba yamekuwa vipande, huyo mama mwenye kukaa peke yake juu ya udongo anaanza kuwa muzigo. Munaposikia mama fulani amefukuzwa kwa ulozi, musiulize kwanza nabii alisema nini. Muulize: nani analima shamba lake sasa?

Si neno la kale. Mwezi wa tisa wa mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wanane waliuawa kwa kusingiziwa ulozi. Wako waliochomwa moto, wako waliopigwa na kundi la watu mupaka kufa. Majina ya Kabare, Kalehe na Walungu yalisikika kwenye redio za ulimwengu. Walioonyeshwa kidole walikuwa zaidi sana wamama wazee, na mara nyingi waliowaonyesha ni wanawake wenye kujiita manabii, wale watu wanaowaita bajakazi. Kati ya waliorusha mawe kulikuwa vijana waliobatizwa, waliosoma, wenye simu mu mufuko. Hampâté Bâ alilia maktaba inayoungua yenyewe. Sisi tulileta petroli.

3. Heshima na haki si kitu kimoja

Hapa ndipo wenzangu wanakosea. Wanafikiri haki ni jina la Kizungu la heshima. Sivyo.

Heshima inatoka kwangu. Naweza kukupa leo na kesho nikairudisha. Naweza kumupa baba yangu na kumunyima jirani. Kama sikupendi, kama ninakuogopa, kama ninataka shamba lako, heshima imekwisha, na huna pahali pa kuishitaki. Haki haitoki kwangu. Mama mwenye kelele, mwenye harufu, mwenye kusahau majina, asiyependwa na mutu, iko nayo sawa na muzee wa viti vya mbele. Heshima ni kwa yule tunayemutaka. Haki ni zaidi sana kwa yule tusiyemutaka.

Wahenga wetu walijua jambo hili kiasi. Ndiyo maana mambo mazito yalipelekwa mbele ya wakubwa, neno likasikilizwa pande mbili, haikutosha mutu mumoja kuota ndoto. Lakini tusidanganyane: zamani hizohizo watu walinyweshwa mwavi, na aliyekufa wakasema alikuwa na kosa. Desturi ina mazuri yake na ina mabaya yake. Chama cha desturi kinachosifu tu mazuri kinafanya kazi ya muuza dawa barabarani.

4. «Ni mambo ya Wazungu»

Tuangalie kama ni kweli.

Mwaka 1981 wakubwa wa Afrika walikubali Hati ya Afrika ya Haki za Watu na Mataifa. Mule waliandika kwamba wazee wanapashwa kulindwa kwa namna ya pekee, na kwamba kila mutu ana deni la kuwaheshimu wazazi wake na kuwatunza wakati wa shida. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2016, mu Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulitoa Protokole juu ya haki za wazee, yaani watu wa miaka 60 na zaidi. Ilianza kuwa na nguvu mwezi wa kumi na moja 2024, wakati inchi 15 zilikuwa zimeikubali. Protokole ile inaziomba inchi zikataze kwa sheria desturi zenye kuumiza wazee, na inataja wazi kusingiziwa ulozi, hasa juu ya wanawake wazee. Mutu wa Geneva asingefikiria kuandika neno lile mbele. Ni Waafrika walioliandika, kwa sababu wanajua nyumba zao.

Tena, kama jambo hili lingekuwa la Wazungu, wangelikimbilia. Lakini haikuwa hivyo. Kutoka 2011 mupaka 2024 kikundi cha Umoja wa Mataifa kilikutana New York kuuliza kama wazee wanahitaji mapatano yao. Wanawake walikuwa nayo tangu 1979, watoto tangu 1989, watu wenye ulemavu tangu 2006. Inchi nyingi za Ulaya, pamoja na Marekani, ndizo zilizosema miaka na miaka kwamba sheria zilizoko zinatosha. Mashirika ya wazee yalisukuma bila kuchoka, na inchi za Amerika ya Kusini na za Afrika zikasukuma nayo. Mwishoni, tarehe 3 mwezi wa ine 2025, Baraza la Haki za Watu mu Geneva lilikata shauri bila kupiga kura: kikundi cha mataifa kianze kuandika mapatano yenye kufunga. Gambia, inchi ndogo ya Kiafrika, ilikuwa kati ya zile zilizoongoza kazi ile. Basi mwenye kusema «haki za wazee ni za Wazungu» anarudilia, bila kujua, maneno ya wale waliokuwa wakizizuia.

5. «Makaratasi hayaponyi mutu»

Wengine wanasema: haya, waandike. Karatasi ya Geneva itafika lini Walungu?

Jibu ninalo hapa nyumbani. Mwaka 1990 inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaïre, iliingia katika mapatano ya haki za mutoto. Baadaye tuliona watoto wa Kinshasa na Mbuji-Mayi wakifukuzwa kwa kusingiziwa ulozi, wakalala sokoni. Watu wa hapa na wa inje wakapiga kelele, wakishika karatasi ile mukononi. Na nini kilitokea? Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumusingizia mutoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ikaweka azabu ya kifungo juu ya yule mwenye kumusingizia. Uovu haukuisha, ni kweli. Lakini leo mama jirani akiona mutoto anafungiwa mu chumba cha maombi, anaweza kwenda polisi na kusema: sheria iko.

Sasa soma kifungu cha 49 cha Katiba hiyohiyo, kile kinachozungumuza juu ya wazee. Kinasema wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Ni kizuri. Lakini neno ulozi halimo. Ndugu musomaji, fikiri nyumba moja ambamo wanakaa tate na mujukuu wake. Nabii akimutaja mujukuu, Katiba yenyewe inasimama mulangoni. Akimutaja tate, Katiba inakohoa tu. Ndiyo, Kodi ya azabu inaazibu mwenye kuua. Lakini inafika wakati sanduku limekwisha kununuliwa.

Majirani wetu wa Tanzania walipita njia hii mbele yetu. Kwa Wasukuma, pande za Mwanza na Shinyanga, wamama wazee wengi waliuawa juu ya macho mekundu, macho yenye kutoka kwenye moshi wa jiko, kama ya mama mukubwa wangu. HelpAge, shirika la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1983, pamoja na mashirika ya wenyeji, halikuja na maneno matupu. Walisaidia watu kujenga majiko yenye kupunguza moshi, walifundisha wajane sheria ya udongo na ya uriti, walikaa na waganga na wakubwa wa vijiji. Ndiyo kazi ya kutetea haki inapofanywa vizuri: inashuka kutoka kwenye karatasi mupaka kwenye mafiga.

6. «Leta haina feza»

Neno hili nalo linapendwa. Wanasema watoto hawana madarasa, barabara zimekufa, nani atawafikiria wazee?

Kwanza, kutomuua mutu hakugarimu kitu. Kumuandika mujane kwenye karatasi ya shamba hakumalizi feza za leta.

Pili, umasikini hauzuii kila kitu. Lesotho, inchi ya milima isiyo na mali nyingi, tangu mwaka 2004 inawalipa wazee wake wa miaka 70 na zaidi kitu kidogo kila mwezi. Zanzibar ilianza vilevile mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama muzee alifanya kazi ya mushahara. Kwetu, CNSS ni ya yule aliyefanya kazi yenye mukataba na kulipiwa michango. Mama aliyebeba mizigo mugongoni kutoka Kabare mupaka soko la Bukavu miaka 30, ni biro gani inayojua jina lake? Na watu wa miaka 60 na zaidi katika inchi yetu hawafiki hata kumi kwa mia. Si mulima usiopandika.

Tatu, wanasema haki zitavunja ukoo, na watoto watawatupia leta wazazi. Kodi yetu ya familia ya 1987 inawaambia watoto wazi kwamba wanapashwa kutunza wazazi walio katika shida. Ukoo haukuvunjwa na sheria ile. Na wale wazee wanaokaa kwa masista katika miji yetu, hawakuletwa na Geneva. Waliletwa na sisi, mara nyingine usiku, na aliyewaleta hakuacha jina.

7. Ninaomba nini

Siombi siku nyingine ya sherehe. Tarehe 1 mwezi wa kumi, siku ya wazee iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, tunajua kuisherehekea: tunawapanga wazee kwenye jua, tunawasomea hotuba, tunawapa soda na sabuni, tunapiga picha. Ninaomba mambo mane.

Kwa wadepite wetu: semeni mbele ya watu munafanya nini na Protokole ya Afrika, na muandikie muzee neno lile lililoandikwa kwa ajili ya mutoto. Mwenye kumusingizia ulozi aazibiwe mbele ya damu kumwangika.

Kwa wami na mashefu: mujane abaki kwenye shamba, akiwa na mwana ao akiwa hana. Mwami akisema neno moja, mulima wote unasikia.

Kwa wachungaji na mapadri: mukisikia chumba cha maombi kinachotaja majina ya wamama, musikae kimya kwa kuogopa kupoteza waamini.

Kwa sisi wa chama hiki: tuache kuandika sifa za wazee wa zamani tu. Twende tuwaandike walio hai, mutaa kwa mutaa: nani anaishi peke yake, nani ana karatasi ya nyumba, nani ameanza kuitwa mulozi. Na ukoo ukikutana, mumoja wetu akae pale, asiwe na maneno ya kutuliza. Hata wazee wenyewe wana deni. Protokole ya Afrika inawakumbusha kazi yao ya kufundisha vijana na kupatanisha watu. Muzee wa kiume anayenyamaza wakati dada yake anafukuzwa hajui kwamba zamu yake iko njiani.

Zamu yangu pia iko njiani. Mwaka kesho ninafikisha miaka 60. Macho yangu yamekwisha kuwa mekundu kidogo, si kwa moshi, ni kwa kusahihisha makaratasi ya wanafunzi kwenye taa ya petroli. Kama siku moja mutoto atagonjwa karibu na nyumba yangu na ukoo ukakutana, sitaki mutu anipigie magoti na kuniita muzee. Ninataka mutu mumoja asimame, aseme lile neno ambalo mimi sikusema.